Je, wajua kwa nini bima ya simu hukurudishia simu iliyokwisha kutumika?

Mtu anayelipia bima ya simu yake kila mwezi hutarajia kwamba siku itakapoibiwa au kuvunjika atakabidhiwa simu mpya. Mara nyingi anachopokea ni simu iliyowahi kutumiwa na mtu mwingine, ikarejeshwa, ikatengenezwa, ikafutwa kumbukumbu zote na kufungwa upya katika boksi; na kabla ya kuipokea hutakiwa kulipa fedha nyingine juu ya zile alizokwisha kulipa. Ni haki kuuliza kama anatendewa sawasawa.

Sababu ya kwanza iko katika msingi wa bima yenyewe. Bima ya mali hulenga kumrudisha mwenye mali katika hali aliyokuwa nayo muda mfupi kabla ya hasara, si kumpa hali bora zaidi. Simu iliyotumika kwa miezi 18 ina betri iliyochoka na bei yake sokoni imeshuka, kwa hiyo, kwa kufuata kanuni hiyo, mwenye bima anadai simu ya aina na hali kama ile aliyoipoteza. Ndiyo maana mikataba ya kampuni kubwa za kazi hii, kama vile Asurion yenye makao yake Nashville nchini Marekani, huandika wazi kwamba simu mbadala inaweza kuwa iliyokarabatiwa, yenye rangi tofauti, au hata yenye vipuri visivyotoka kwa mtengenezaji wa awali. Nadhani hapo peke yake hakuna dhuluma. Kama kila aliyevunja kioo angepewa simu mpya kabisa, wapo ambao simu zao zingevunjika kila toleo jipya linapotoka, na gharama hiyo ingebebwa na wateja waaminifu kupitia ada zao.

Dhuluma, pale inapokuwepo, huonekana katika hesabu. Tuseme simu ilinunuliwa kwa dola 800, ada ya bima ni dola 15 kwa mwezi, na mkataba unamtaka mteja achangie dola 200 kila anapodai. Simu ikiibiwa mwezi wa tatu, mteja atakuwa ametoa dola 245 kwa jumla ili kupata simu ambayo bado ina thamani karibu na ile ya dukani. Hapo bima imemfaa kwelikweli. Ikiibiwa mwezi wa 24, atakuwa ametoa dola 360 za ada na dola 200 za mchango, yaani dola 560, ilhali simu kama hiyo iliyotumika huenda wakati huo inauzwa kwa dola 350 au pungufu. Hata tukiziacha zile ada kwa kuwa zimekwisha kulipia kinga ya miezi iliyopita, bado anatoa dola 200 ili apate kitu cha dola 350. Thamani ya kinachokingwa imeshuka mwezi baada ya mwezi, lakini ada na mchango havikushuka hata senti moja. Kampuni hutumia uchakavu wa simu kama hoja inapolipa fidia, na haiutaji kabisa inapokusanya ada, na kwangu mimi hilo ndilo jambo lisilo la haki katika biashara hii.

Lipo pia suala la nani anaamua kwamba simu mbadala inalingana na ile ya mwanzo. Mikataba mingi huiachia uamuzi huo kampuni ya bima, na simu yako ikiwa ya toleo lisilotengenezwa tena, unaweza kupewa ya toleo jingine ambalo halitumii kava wala chaja uliyo nayo. Aliyevunja simu hutakiwa pia kuirudisha ile mbovu, la sivyo hutozwa fedha zaidi, maana baada ya kutengenezwa inaweza kwenda kwa mteja mwingine.

Hata hivyo, ushahidi mzito kuliko wote kwamba wateja wameonewa hautokani na kubadilishiwa simu bali na namna bima ilivyouzwa. Mnamo Machi 2019, FCA, mamlaka inayosimamia mienendo ya kampuni za huduma za fedha nchini Uingereza, iliitoza kampuni ya Carphone Warehouse faini ya zaidi ya pauni milioni 29 kwa kuuza isivyostahili bima ya simu iliyoitwa Geek Squad, kati ya Desemba 2008 na Juni 2015. Wauzaji walifundishwa namna ya kuwashawishi hata wateja waliosema kwamba simu zao tayari zilikingwa na bima ya nyumba au akaunti ya benki, badala ya kufundishwa kupima kama bima hiyo iliwafaa. Januari 2014, asilimia 35 ya mikataba ilifutwa ndani ya miezi 3 tangu ianze, dalili iliyopaswa kuwashtua wakuu wa kampuni mapema. Mtu aliyeuziwa kinga aliyokwisha kuwa nayo hawezi kutendewa haki siku ya kudai, hata akipewa simu nzuri kiasi gani.

Nchini humo kanuni zinaitaka kampuni ya bima kushughulikia madai haraka na kwa haki, na kutoyakataa bila sababu ya msingi. Mteja asiyeridhika hulalamika kwanza kwa kampuni, ambayo kwa kawaida ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Baada ya hapo anaweza kulipeleka shauri lake bila malipo kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi ambaye uamuzi wake, mteja akiukubali, unaifunga kampuni. Katika malalamiko ya namna hii ushahidi una uzito mkubwa, kwa hiyo risiti ya simu ya kwanza, picha za hali yake kabla ya kuharibika, na nakala ya mkataba uliokuwepo siku ya kununua vinafaa kuhifadhiwa tangu mwanzo, na simu mbadala ikaguliwe betri, kioo na kamera siku ile ile inapopokelewa.