Soma Nyuma ya Pakiti Kabla ya Kuamini Mbele Yake

Nikiwa mtaalamu wa lishe hapa Kampala, naulizwa mara kwa mara kama chakula cha kiwandani ni sumu. Siwezi kujibu ndiyo, kwa sababu kiwanda ndicho kinachotia iodini katika chumvi yetu ili kuzuia rovu, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Kinachonitia wasiwasi ni kundi ambalo Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, walilitenga na vyakula vingine: vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, vinavyoundwa kwa wanga, sukari na mafuta yaliyochujwa, kisha vikaongezwa rangi, ladha na viungo ambavyo huwezi kuvikuta katika jiko la nyumbani. Soseji, tambi za kupika kwa dakika chache, biskuti na soda zimo humo.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Kitaifa za Afya nchini Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu wazima 20 walilazwa wodini, wakala vyakula vya aina hiyo kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa sana kwa wiki mbili nyingine. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta na chumvi, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Walikula kwa kasi zaidi pia, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito mkubwa, kwani chakula laini humezwa kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limeshiba.

Basi nenda dukani, chukua pakiti ya tambi na uigeuze. Viambato hupangwa kwa uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya pili, au ikijitokeza mara mbili tatu kwa majina ya glukosi, dekstrosi na sharubati, umekwisha kujua unanunua nini. Kisha tafuta sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi. Tuseme pakiti nzima ina miligramu 1,600: zidisha kwa 2.5 upate miligramu 4,000, yaani gramu 4 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo bado hujala chakula cha jioni. Hakikisha tu kama namba uliyosoma ni ya pakiti nzima au ya gramu 100, maana wengi hukosea hapo. Soda ya kola ya mililita 300, kwa kawaida, ina gramu 30 hivi za sukari, ilhali shirika hilohilo linaona ni bora zaidi tukibaki chini ya gramu 25 kwa siku.

Matoke, maharage, mboga za majani kama dodo na nakati, na mchuzi wa karanga bado vinapatikana katika masoko yetu, na mara nyingi maharage ya familia nzima hugharimu kidogo kuliko soseji za watu wawili. Hata hivyo, sufuria hiyohiyo ya maharage huharibiwa na vidonge vya mchuzi, ambavyo takriban nusu ya uzito wake ni chumvi, na juu yake mpishi huongeza chumvi nyingine. Ukitumia kidonge, usitie chumvi. Kitunguu, nyanya na tangawizi vitakupa ladha.

Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo lipime hata kama hujisikii mgonjwa, kwa sababu mara nyingi likipanda halina dalili. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa kuwa amebadili chakula. Daktari ndiye atakayezipunguza akiona vipimo vimeshuka. Na mwenye ugonjwa wa figo asinunue chumvi mbadala zenye potasiamu kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa mwilini, na ikizidi katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.