Stika ya i7 haichezi gemu

Kijana wa mtaani kwetu aliniletea boksi lake akiwa amelikumbatia kama mtoto. "Kaka, hii ni i7, RAM 16, kadi ya GB 4. Mbona GTA V inakwamakwama?" Nikafungua mfuniko wa pembeni. Ndani kulikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i7-2600, RAM ya kipande kimoja na kadi ya picha ya GeForce GT 730. Kila alichoambiwa dukani kilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyemdanganya hata neno moja, na bado akiba yake ya miezi minane ilikuwa imekwenda kwenye mashine isiyoweza kazi aliyoinunulia.

Jambo hilo liliniuma. Kwenye kompyuta za bei nafuu, namba zinazouza ndizo zinazoandikwa kwa kalamu nene juu ya boksi. Zile zinazoamua gemu litachezaje zimeandikwa kwa herufi ndogo mgongoni, au hazikuandikwa kabisa.

Dhana: "i7 ni kubwa kuliko i3, basi"

i7 ni jina la daraja la prosesa za kampuni ya Intel, na daraja lina maana ndani ya kizazi chake tu. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i7-2600 ni kizazi cha 2, ilitoka Januari 2011. i5-8500 ni kizazi cha 8. i3-12100F ni kizazi cha 12, ya Januari 2022. Ile i7 na hii i3 zote zina kore 4, yaani vichakataji vidogo vinne ndani ya prosesa, lakini kati yake kuna miaka 11, na kore moja ya i3 hiyo inafanya kazi karibu mara mbili ya kore moja ya i7 kwa muda uleule. Magemu mengi yanategemea sana kasi ya kore moja moja, kwa hiyo "ndogo" inamwacha "mkubwa" mbali.

Umri una gharama nyingine. i7-2600 inatumia RAM za DDR3, ambazo huwezi kuzihamishia kwenye mashine mpya. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8. Yapo maujanja ya kuiingiza kwa nguvu kwenye mashine kongwe, lakini gemu la Valorant kwenye Windows 11 linadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta. Visipokuwepo, hufiki hata uwanjani.

Herufi ya mwisho nayo isomwe. F kwenye Intel maana yake prosesa haina grafiki yake ya ndani, kwa hiyo bila kadi hupati picha. Kwa AMD, mshindani wa Intel, Ryzen 5 5600 haina, Ryzen 5 5600G inayo. Nimeshuhudia mtu akirudisha monita nzima kabisa dukani akidhani imekufa, kumbe prosesa yake ni ya F na hakuweka kadi.

Kuna mtego mwingine kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, na za kizazi cha 8 na cha 9, zote zinakaa kwenye soketi inayoitwa LGA 1151. Zinaingia vizuri kabisa, na ukiweka ya kizazi cha 8 kwenye mazabodi ya kizazi cha 6, haiwaki. Muulize muuzaji jina kamili la mazabodi, kama H110 au B360, usiridhike na jina la soketi.

Dhana: "Kadi ya GB 4 ni nzuri kuliko ya GB 2"

Hapa ndipo hela nyingi za vijana zinapozama. GB za kadi ni ukubwa wa ghala. Hazikwambii mlango wa ghala una upana gani, wala ndani kuna wafanyakazi wangapi. GT 730 inayojaa madukani, ile yenye kumbukumbu ya DDR3 na njia ya biti 64, inapitisha takriban gigabaiti 14 kwa sekunde. GTX 1050 Ti, kadi ya Oktoba 2016 ambayo nayo ina GB 4, inapitisha 112. Namba ya GB ni ileile, upana wa mlango umezidi karibu mara 8.

Hata jina moja linaweza kubeba kadi mbili tofauti. GT 1030 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5, gigabaiti 48 kwa sekunde. Baadaye, mwaka 2018, ikaja GT 1030 ya DDR4, takriban 17. Boksi zinafanana na zote ni za GB 2. Anayenunua ya pili ameuziwa takriban theluthi ya mlango. Radeon RX 580 nayo ina ndugu yake aitwaye RX 580 2048SP. Ile halisi ina vitengo 2304 vya kuchakata, huyu ana 2048 kama jina lake linavyosema, lakini kwenye tangazo hizo namba nne za mwisho huwa zimesahaulika.

Halafu kuna feki zenyewe: kadi kongwe za enzi ya GTS 450 zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti. Dawa yake ni programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, iwashe kabla hujatoa hela. Tazama mistari mitatu: aina ya kumbukumbu, upana wa njia na kasi ya kupitisha data. GPU-Z ikiitambua kadi feki, inaandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia dakika mbili hizo.

Dhana: "Pawa saplai yoyote, mradi wati zitoshe"

Kosa hili nimelilipia mimi mwenyewe. Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu niliiwekea RX 580 ya mtumba na pawa saplai mpya (boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyoandikwa wati 500 kwa maandishi ya dhahabu. Kwenye desktopu ilitulia. Nikiingia mechi, timu zinatoka kwenye korido, skrini inazima na feni zinanyamaza. Kila mara palepale. Nikafuta dereva, yaani programu inayoendesha kadi, nikaweka nyingine, nikapiga Windows upya mara mbili. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kadi ilihitaji waya wa pini 8, pawa saplai haikuwa nao, nami nilikuwa nimeunga kwa adapta kutoka kwenye zile plagi kubwa za pini 4 za diski. Plagi moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia.

Hapo ndipo nikaligeuza lile boksi la pawa saplai na kusoma jedwali la ubavuni. Mstari wa +12V ulisema ampea 16. Zidisha: volti 12 mara ampea 16 ni wati 192. Kadi na prosesa vinakula kutoka kwenye mstari huo, na RX 580 peke yake imepangiwa wati 185. Zile 500 za dhahabu hazikuwahi kuwepo mahali nilipozihitaji.

Kwa hiyo usisome namba kubwa, soma mstari wa +12V. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 huwa na ampea 38 hadi 41 hapo. Ishike mkononi pia, nyepesi kama boksi tupu iogope. Alama ya 80 Plus inahusu ufanisi wa kubadili umeme, haitoi dhamana ya ubora wote, lakini kwa mwenye bajeti ndogo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Umeme wetu unaongeza sababu. Pawa saplai za bei ya chini mara nyingi huwa na kaswichi kekundu nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kakiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlio mmoja tu. Kaangalie kabla ya kila kitu. Na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 650 si wati 650. Nyingi za daraja hilo ni wati 360 au 390, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utulivu, hazikukusudiwa kumalizia mechi.

Dhana: "Jaza RAM, gemu litakimbia"

RAM ikishatosha, ya ziada inakaa bure. Kwa magemu mengi ya sasa GB 16 zinatosha. Kinachosahaulika ni idadi ya vipande. RAM ya DDR4-3200 ya kipande kimoja inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, vipande viwili vikikaa kwenye sloti sahihi vinapitisha 51.2. Kwa prosesa kama 5600G, ambayo grafiki yake inaishi kwa kuazima RAM hiyo hiyo, tofauti unaiona kwa macho bila kipimo. Nunua 8 mbili, usinunue 16 moja. Mazabodi ikiwa na sloti nne, mara nyingi ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Dhana: "SSD inaongeza fremu"

SSD, diski isiyozunguka, haiongezi fremu, yaani picha kwa sekunde. Inafupisha kusubiri, na ukitoka kwenye diski ya kuzunguka hutatamani kurudi. Lakini kati ya SSD ya aina ya SATA ya megabaiti 550 kwa sekunde na ya aina ya NVMe ya 3500, kwenye kufungua magemu mengi tofauti ni sekunde chache. Bei zikikaribiana chukua NVMe, zikiachana pakubwa peleka hela hiyo kwenye kadi.

Dhana: "Mtumba wa ofisini ukiutia kadi tu umemaliza"

Hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inawanasa wengi. Mashine za maofisi ya Ulaya, Dell OptiPlex na wenzake, zimejaa Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi, ni imara na bei yake ni ya kibinadamu. Nimewaundia vijana wengi kwa njia hiyo. Ila kwanza tazama umbo. Boksi nene la kusimama linakubali kadi ya kawaida, boksi jembamba linataka kadi fupi ya nusu kimo, ambayo ni adimu na bei yake juu. Pili, pawa saplai. OptiPlex 9020 ya kusimama ina wati 290, na plagi yake kwenye mazabodi ni ya pini 8 za Dell wenyewe, si zile 24 za kawaida, kwa hiyo huwezi kubadilisha bila adapta maalumu.

Maana yake, tafuta kadi inayotosheka na wati 75 zinazotoka kwenye sloti: GTX 1050 Ti au GTX 1650. Baadhi ya 1650 zina tundu la waya wa pini 6, hizo ziache. Na ukiwa na hiari, chukua mashine ya kizazi cha 8, yenye i5-8500 ya kore 6, hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi.

Dhana: "Kadi iliyochimba sarafu imekufa"

Sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi zikaingia sokoni kwa mkupuo. Watu wakaziogopa zote. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika inaweza kuwa salama tu. Kinachochoka ni feni, pasta ya joto na zile pedi laini juu ya kumbukumbu. Izungushe feni kwa kidole, isikwame wala kucheza pembeni. Kisha omba ipigwe gemu zito dakika 20 na utazame kama kuna vidoti au mistari ya rangi. Ikipita hapo na bei ni nzuri, mimi huwa nachukua.

Na tafadhali, hata joto la Dar likizidi, usiache ubavu wa boksi wazi. Vumbi litajaa, mijusi nao watahamia, na mjusi akikatiza juu ya mazabodi yenye umeme hasara ni yenu wote wawili. Feni moja mbele ikiingiza hewa na moja nyuma ikitoa zinatosha.

Dhana: "Subiri hadi hela yote itimie"

Si lazima. Yule kijana tuliuza lile boksi lake kwa mtu wa steshenari, ambaye kazi yake ni kuchapa na kupiga chapa, na linamfaa. Hela iliyopatikana akaongezea, tukaanza na Ryzen 5 5600G, mazabodi ya B450, RAM 8 mbili na pawa saplai ya kweli ya wati 550. Prosesa ni mpya kuliko mazabodi, kwa hiyo tulihakikisha BIOS, programu ya ndani ya mazabodi, imeshasasishwa dukani kabla ya kuondoka. Kadi bado hana. Anacheza eFootball na Valorant kwa setingi za chini, na GTA V ya 1080p inakwenda bila kukwama.

Anayoiwekea akiba ni RX 6600 ya GB 8. Nilimkataza RX 6500 XT ingawa ni mpya zaidi na bei yake ni ndogo, kwa sababu inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mazabodi, na 5600G iko kwenye PCIe ya kizazi cha 3, ingemkaba koo. RX 6600 ina njia 8 na imepangiwa wati 132, pawa saplai yake inaibeba bila jasho. Juzi alinipigia simu akiwa dukani, flashi ya GPU-Z mfukoni, ananisomea mstari wa kumbukumbu kutoka kwenye kadi ya mtumba: "GDDR6, biti 128, kaka." Nikamwambia aizungushe feni kwanza.