Mofini haimalizi mgonjwa wenu

"Mofini ni dawa ya kumaliza mtu."

Hii nimeichoka. Huku Kisumu naisikia Nyalenda, naisikia Ahero, na kila mara kuna mgonjwa aliyekwisha kuteseka kwa sababu yake. Chupa ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, iko juu ya kabati, haijaguswa. Mama analia, saratani ya mlango wa kizazi imefika kwenye mifupa ya kiuno, na watoto wamekubaliana kwamba atapewa dawa "akizidiwa kabisa". Amekwisha kuzidiwa!

Kinachoua ni saratani. Mofini ya maji ikianzwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 5, au 2.5 kwa mzee aliyedhoofika, kisha ikaongezwa kwa kufuata maumivu, haifupishi maisha. Dhana hii huzaliwa matangani: dawa ilianzishwa kwa kuchelewa, mgonjwa akafariki wiki hiyohiyo, na watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Hofu hiyo ndiyo inayomchelewesha mgonjwa mwingine.

Nguvu yake hudumu kama saa 4, ndiyo maana sisi wahudumu wa afya tunaitoa kwa saa zilizopangwa. Usingoje maumivu yarudi, kwa sababu yakisharudi ni kazi kuyatuliza. Andikeni saa kwenye kadibodi, mbandike ukutani: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, 4 usiku. Kipimo cha saa 4 usiku mara nyingi tunaandika maradufu, ili mgonjwa alale na anayemwuguza alale. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia. Wagonjwa wengi huwa hawajapata usingizi kwa wiki kadhaa kwa sababu ya maumivu. Tatizo lisiloisha ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku ileile. Tafadhali msiiache duka la dawa ili kubana pesa. Akilala asiamshike, au pumzi zikipungua mno, tupigieni simu kabla ya kumpa kipimo kingine.

"Atakuwa mraibu."

Mwili kuzoea dawa si uraibu. Mara nyingi kipimo hupanda kwa sababu ugonjwa unapanda. Msiikatize ghafla tu.

"Hospisi ni mahali pa kwenda kufia."

Hospisi ni huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wenye ugonjwa mzito. Ya Nairobi ilianza 1990, na leo Kisumu ipo, Eldoret ipo. Wagonjwa wengi huja kliniki na kurudi kwao. Njooni mapema, hata kama kemo, yaani dawa za kupambana na saratani, inaendelea.

"Bila dripu tunamuua kwa njaa."

Siku za mwisho mwili huacha kudai chakula. Maji mengi ya dripu huishia miguuni na mapafuni, na kupumua kunakuwa kugumu zaidi. Uji wa kulazimishwa utampalia. Loweni kitambaa safi, mpanguseni ulimi na midomo, mpakeni mafuta, mrudie kila inapokauka. Na yule ndugu aliyefika usiku kutoka Nairobi akidai dripu, mpeni yeye kitambaa hicho. Anataka kumfanyia mzazi wake jambo, na hili ndilo linalomsaidia.