Mji wa Kale Wareno Hawakuujenga, Waliuchoma

Juzi nimesimama Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa, nikiwatembeza wageni kutoka bara, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa tungu. Mwalimu mmoja akatazama juu kwenye roshani ya mbao, akawageukia wanafunzi wake: "Mnaona? Wareno walijua kujenga."

Nikameza mate. Mwezi huu huyo alikuwa wa tano, kama si wa sita. Nikamwambia, "Mwalimu wangu, kwa heshima zako, Wareno mji huu waliuchoma. Tena mara tatu."

Almeida, kamanda wao, aliuchoma 1505. Nuno da Cunha akaja 1528, akaukalia miezi, na alipoondoka 1529 akautia moto. Wakarudi 1589, moto tena. Baada ya hapo ndipo 1593 walipoanza Ngome ya Yesu, kwa mchoro wa msanifu Cairati, ambaye kwa taarifa yenu alikuwa Mtaliano. Tazama unene wa zile kuta. Mtu hajengi ukuta wa namna ile kwa watu wanaompenda. Na msafiri Ibn Battuta alipotia nanga hapa 1331 alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafii na misikiti ya mbao, miaka mia mbili na sitini kabla ya ngome. Mgeni ni nani hapo?

Ngome yenyewe siipitii kwa kirefu, bango la mlangoni linasema: kuzingirwa 1696 hadi 1698, Waomani wakaingia, Waingereza wakaigeuza jela mpaka 1958, UNESCO ikaitia kwenye Urithi wa Dunia 2011.

Nyumba ndizo zinazonikera. Nyingi unazopiga picha Ndia Kuu ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wareno walikuwa wameshatolewa zamani. Walirudi mara moja tu, 1728, na hawakumaliza hata miaka miwili. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Roshani zile zina mkono wa Gujarati, kwa sababu wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakijenga hapa, nao mafundi wanajua kuigana. Nikishasema hivyo, mtu wa nyuma hunidakia: "Kumbe ni Waarabu na Wahindi!" La hasha. Umemvua Mreno kanzu ukamvika mwingine, mwenyeji bado yuko uchi. Aliyechagua baraza iwe wapi, mlango utazame wapi, wanawake wapite ndani kwa ndani vipi, ni Mswahili wa Mvita, na nakshi aliipokea kama tunavyopokea nguo ya dukani: unaipeleka kwa fundi ikukae.

Nakiri, nilipoanza kazi hii niligawa kila kitu kwa uhakika: mlango huu wa Kihindi, ule wa Kiarabu. Siku hizi nikisimama mbele ya baadhi ya milango nasema "mlango mzuri" nasonga mbele. Msikiti wa Mandhry nao huambiwa ni wa 1570. Nautaja huo mwaka, lakini kwa "inasemekana", kwani jengo limepakwa chokaa na kukarabatiwa vizazi na vizazi. Naupenda mwaka ule kuliko ninavyouamini.

Kwa anayetaka kutembea siku nzima: anzia Mama Ngina asubuhi na mapema, chini ya mibuyu, utazame meli za makontena zikiingia mlango wa Kilindini, bandari ya leo. Usitarajie kuifuata bahari moja kwa moja hadi ngome, maana Ikulu iko ufukweni Kizingo na hapo utapinda ndani utake usitake. Ngome, Ndia Kuu, kisha Bandari ya Kale kabla jua halijawa kali. Na tafadhali, Bandari ya Kale si Kilindini! Hii iko mashariki ya kisiwa, ilikuwa ya majahazi yanayokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Reli ilipoanza 1896 na meli za moshi zikataka kina, kazi ikahamia magharibi. Mimi nadhani ndiyo maana nyumba zimebaki. Pesa zingebaki huku, wangezibomoa wenyewe wenye nyumba.

Tulimalizia Ngazi za Leven. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa sauti ya chini, akimwangalia mwalimu kwanza: "Hizi nazo ni za Wareno?"

"Waingereza. Leven ni meli yao ya kivita, ilifika 1824."

"Nao walichoma?"

"Hawa waliombwa. Wamazrui, ukoo uliotawala hapa, walitaka ulinzi dhidi ya Sultani wa Oman. Kufika 1826 Waingereza walishaondoka."

Mwalimu alikuwa akiandika kila kitu. Nikamwonyesha kwa muuza viazi karai.