Modafinili: Namna Inavyomzuia Mtu Asilale

Msimu wa mitihani unapofika, taa za hosteli za wanafunzi hapa Dodoma huwaka hadi alfajiri, na kando ya chupa ya chai ya tangawizi wapo wanaoulizana kuhusu modafinili, kidonge ambacho wauzaji wa mtandaoni hukiita nootropiki. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1972 na mwanasayansi wa Romania, Corneliu Giurgea, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili na kugeuza, naye alilikusudia kwa dawa zinazosaidia kujifunza na kukumbuka bila kumsisimua wala kumlevya usingizi mtumiaji. Kwa kipimo hicho, modafinili imepewa jina lisilo lake, kwa kuwa kazi yake hasa ni kumweka mtu macho. Iligunduliwa Ufaransa, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa nakolepsi, ambao hushikwa na usingizi mzito mchana bila hiari yao.

Baina ya seli moja ya ubongo na nyingine kuna mwanya mwembamba sana, na ujumbe huuvuka kwa kemikali, mojawapo ikiwa dopamini. Ikishafikisha ujumbe, dopamini hurudishwa katika seli iliyoitoa na protini maalumu. Modafinili huikalia protini hiyo, hivyo dopamini hukawia katika mwanya na ujumbe wa kukaa macho huendelea kusikika. Tazama karo la vyombo lililozibwa tundu: maji hupanda ingawa bomba linatiririka vilevile. Amfetamini, dawa nyingine ya kusisimua ubongo, huziba tundu na kufungulia bomba pia, ndiyo maana msisimko wake ni mkali na uraibu wake ni rahisi zaidi.

Kahawa hupita njia nyingine. Kafeini yake huvikalia vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya adenosini, kemikali ya kuleta usingizi inayolimbikizana kadiri mtu anavyokaa macho, na kafeini ikiisha, adenosini iliyokuwa ikingoja huingia kwa pamoja.

Modafinili huweza pia kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, jambo ambalo wanaopeana dawa bwenini hawaambiani. Nayo haitoki mwilini upesi: nusu yake huchukua takribani saa 12 hadi 15 kuondoka, kwa hiyo aliyemeza saa mbili usiku ili akeshe na daftari, saa mbili asubuhi anapoingia chumba cha mtihani bado ana karibu nusu ya dawa hiyo mwilini, na anaporudi kitandani mchana akiutafuta usingizi, kiasi kikubwa bado kimo.