Nambari 140 katika Faili la Mzazi

Katika kazi ya ukunga, niliyoianza Pemba na sasa naiendeleza Unguja, nimejifunza kulitilia shaka faili lililo safi mno. Katika kikao kimoja cha kupitia vifo niliwahi kushika patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, ambayo mapigo ya moyo wa mtoto yaliandikwa 140 kila baada ya nusu saa, tangu alfajiri hadi adhuhuri, bila ya kupanda wala kushuka. Mtoto alizaliwa mfu, na ngozi yake ilikuwa haijaanza kubambuka, dalili ya kwamba alifariki muda mfupi tu kabla ya kutoka. Moyo wa mtoto aliye hai hauendi hivyo. Kwa kawaida hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, na hauachi kupanda na kushuka kidogo. Nambari zile ziliandikwa kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu moja, baada ya mambo kwisha.

Siku ile tulimlaumu mkunga aliyekuwa zamu. Leo ningeuliza kwanza alikuwa akihudumia wazazi wangapi, yaani wanawake wenye uchungu wa kuzaa.

Kusikiliza mapigo kwa kifaa kile cha mfano wa baragumu dogo si kazi ya kupita njiani. Unaupapasa mgongo wa mtoto kwa viganja, unaweka baragumu mahali pake, unainama na kutega sikio, na kwa mkono mwengine unashika kifundo cha mkono wa mama, kwa sababu mapigo ya mama aliyechoka huweza kukupoteza ukadhani ni ya mtoto. Kisha unangojea uchungu ukaze, unahesabu kwa dakika nzima, na unaendelea kusikiliza walau nusu dakika baada ya uchungu kuachia, maana hapo ndipo moyo wa mtoto aliyechoka unapochelewa kurudi katika kasi yake. Shirika la Afya Duniani linataka jambo hili lifanywe kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu ukishapamba moto, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma. Kwa hesabu yangu mwenyewe, kila mzazi huchukua kama dakika tano. Ukiwa na wazazi sita, nusu saa imekwisha, na hujapima presha, hujampokea mtoto yeyote, wala hujanywa maji.

Kwa hiyo nauona mradi wa PartoMa, uliofanyika Hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja, kuwa ulishika penyewe. Watafiti walikaa na wakunga na madaktari wa hapo hapo wakatunga mwongozo mfupi wa mfukoni, unaolingana na idadi ya watu na vifaa vilivyopo, kisha wakaurejearejea katika semina. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo haiwezekani kuyahesabu mafanikio yote kuwa ni ya kijitabu. Hata hivyo, sijaona mashine mpya iliyotuletea mabadiliko ya namna hiyo.

Dripu ya kuongeza uchungu inanitia hofu zaidi. Oksitosini, dawa iliyomo ndani yake, huokoa maisha mtoto akishatoka, kwa kuzuia mama asivuje damu. Lakini ikitiwa kabla, bila ya mtu wa kuhesabu matone, uchungu huweza kuja zaidi ya mara tano katika dakika kumi, kondo la nyuma likakosa nafasi ya kupata damu mpya, na mtoto akakosa hewa tumboni huku faili likisema 140. Wodi isiyoweza kusikiliza isitundike dripu hiyo.

Katika wodi yetu tumekubaliana kwamba kisanduku ambacho mapigo yake hayakusikilizwa kiachwe wazi. Wiki iliyopita mwanafunzi aliniletea faili lenye visanduku viwili vitupu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nivijaze?" Nikamuuliza saa hizo alikuwa wapi. Akanionesha kitanda cha nne, ambako mzazi alikuwa anavuja damu na wahudumu waliokuwepo walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake. Tukayaandika hayo pembeni mwa karatasi, pamoja na saa yake, na visanduku tukaviacha kama vilivyo.