Kichwa cha korona kinaumaje?

Mama aliingia kliniki kanga ameikunja na kuifunga kwenye paji la uso, ameikaza mpaka imemwachia alama. "Dokta, kichwa kimenikamata tangu juzi." Homa kidogo, kikohozi hana. Kipimo cha malaria kikasema hana. Nikamwandikia parasetamoli. Alikuwa ameshainuka ndipo aliponiambia, kama mtu anayelalamikia bei tu: "Na iliki za siku hizi sijui wanazichanganya na nini. Napika vitumbua, hazinukii kabisa."

Nikamrudisha kitini. Iliki hazikuwa na kosa. Alikuwa na UVIKO-19, nami nilikuwa nusura nimwache aende hivyo hivyo sokoni.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kichwa kinauma, namuuliza pia habari za pua. Kichwa cha korona hakina alama ya peke yake, ila kina tabia zake. Mara nyingi huuma pande zote mbili, hasa kwenye paji na mapanja, na hubana kama umevaa kofia ya mtoto. Ukikohoa au ukiinama, kinazidi. Huweza kuja siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kikohozi. Kwa wengine hupwita, mwanga ukawakera na kichefuchefu kikaja juu, ukaapa ni kipandauso. Wenye kipandauso cha miaka mingi huniambia, "Dokta, hiki si kile changu." Hao nawaamini kuliko daftari langu.

Pua na kichwa vinahusiana vipi? Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika pamoja na mishipa ya damu ya hapo, na taarifa za huko hubebwa na neva ya tano ya kichwa, ambayo matawi yake mengine yako usoni na ndani ya pua. Virusi hivi huanza kazi puani. Seli za pale zikiumia, kinga ya mwili nayo ikamwaga kemikali zake za vita, neva hiyo husisimka. Hayo ndiyo maelezo tunayoyaegemea zaidi. Kwa hiyo anayekuja na hofu kwamba virusi "vimemla ubongo" namtuliza: kichwa kuuma hakumaanishi hivyo.

Hapa Dar es Salaam tatizo ni kwamba kichwa na homa vina wenyewe wengi. Kuna malaria. Kuna dengi, iliyotuwakia 2014 na tena 2019, nayo hupenda kuuma nyuma ya macho. Halafu kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wa kuwa na malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na isitoshe mtu anaweza kuwa na malaria na korona kwa pamoja. Mstari mmoja usifunge mjadala. Dengi ikiwa bado inashukiwa, kaa mbali na diklofenaki na ibuprofeni, maana zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli inatosha: kwa mtu mzima, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Soma na pakiti ya dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli humo humo.

Wengi hupona ndani ya siku chache. Wachache kichwa huwaganda kwa wiki, hata miezi, na hao ndio hunipa kazi, kwa sababu wakifika kwangu wameshazoea kumeza vidonge kama karanga. Ukimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huanza kuzaa kichwa. Kuiacha kunauma kwanza, ndipo nafuu ije.

Ila kichwa kilichokupiga ghafla kama radi, au kilichoandamana na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, kuona vitu viwiliviwili au upande mmoja wa mwili kulegea, hicho ni cha hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Korona inaweza kugandisha damu, na bonge la damu likikaa kwenye mishipa ya ubongo halingoji asubuhi.

Yule mama alirudi baada ya wiki tatu, kanga iko kiunoni, mkononi kikapu. Nikamuuliza iliki je?

"Naisikia, dokta. Ila kwa mbali, kama anapika jirani."